Sindano Iliyomhukumu Shangazi

Kuna watu wakiumwa wanapendeza. Wanalala, wanafunikwa, wanaongea kwa sauti ya chini mpaka unawahurumia. Mimi nikiumwa nakuwa mbaya. Nagombana na kuku, nagombana na mfuniko wa sufuria. Katika miaka yote ya maumivu ya kiuno, watu wa nyumbani kwangu Makere walijifunza kunipitia mbali, na sikuwalaumu. Ningekuwa na njia ya kujipitia mbali mwenyewe, ningeishika.

Yalianza na beseni la mihogo. Huku kwetu mihogo tunaimenya, tunaivundika mtoni mpaka ilainike, kisha tunaipandisha nyumbani kuianika. Ikishalowa inakuwa mizito kuliko unavyodhani kwa kuitazama. Siku hiyo nilikuwa mtoni na shangazi wa mume wangu, na yeye ndiye aliyenitwika. Tuliinua beseni pamoja, likafika kichwani, nikageuka kushika njia ya kupanda, na hapo kitu kikakatika kiunoni. Sikuanguka. Nilifika nyumbani na mzigo wangu, nikautua, na tangu hapo sikuweza tena kuinuka bila kushika ukuta au mtu.

Huyo shangazi lazima nimweleze, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Alikuwa dada wa marehemu baba mkwe. Aliolewa mbali, mume akafa, ndugu wa mume wakagawana kila kitu hadi jiko, naye akarudi Makere kwenye ardhi ya baba yake akiwa na binti mmoja. Walimjengea kibanda nyuma ya migomba yetu. Binti alipokua akaolewa Nyakitonto. Kwa hiyo nilipoletwa pale kama bibi harusi, mama mkwe wangu ameshafariki, niliyemkuta ni yeye: mwanamke mfupi, mchache wa maneno, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alinifundisha shamba lao lina mawe wapi, na mume wangu akikasirika anyamaziwe muda gani. Watoto wangu wote ni yeye aliyewaogesha mara ya kwanza. Nilimpenda kuliko baadhi ya watu niliozaliwa nao tumbo moja.

Maumivu yalikuwa na barabara yake. Yanaanzia kiunoni kushoto, yanapita kwenye kalio, yanashuka nyuma ya paja hadi kwenye kidole gumba cha mguu, na barabara nzima inawaka. Kukaa kunauma, kulala kunauma, kupiga chafya ni balaa. Kanisani wenzangu wakipiga magoti mimi nilibaki wima pale nyuma, nimeegemea ukuta, na kuna waliosema kwamba tangu watoto wangu wafaulu nimekuwa na kiburi, hata Mungu simwinamii. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Niliwaacha waseme.

Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa. Huku kwetu kidonge kinaonekana ni cha kukusindikiza tu nyumbani. Dawa ni sindano. Kila nilipopata usafiri wa kwenda sokoni Kasulu nilipita kwenye duka moja la dawa, naingia nyuma ya pazia, napandisha kitenge, nachomwa kwenye kalio. Nikifika nyumbani naweza kupika nimesimama. Baada ya siku chache barabara inawaka upya. Nilizipenda zile sindano, ziliponiunguza tumbo bado nikazipenda, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile ni dawa ya kulewesha maumivu tu, kwamba mahali penyewe panapouma haijapafikia.

Shangazi yeye alikuwa na mikono yake. Jioni, kabla jua halijazama, ananilaza kifudifudi kwenye mkeka, anapasha mawese na majani anayoyajua mwenyewe, ananikanda. Wengine walinipa pole, naye alinipa kazi ya mikono. Kuna siku alinibana mpaka nikamtukana, na asubuhi yake nikaamka hoi, nikawaambia watu nikicheka, "Jamani, shangazi jana kaniua." Ni maneno tunayosema wote. Mtu akikufunga msuko kwa nguvu unasema kakuua.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anaishi Kasulu mjini, ananunua maharage na kuyauza. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitesa. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Alikuwa akija anamkuta mdogo wake anasonga ugali, shamba limeota nyasi, mimi nimelala naongea na bati. Ilimuuma. Mtu anayeumwa na jambo asiloweza kuliondoa hutafuta lile awezalo kuliondoa.

Akaitisha kikao cha ukoo sebuleni kwetu. Kuta za nyumba yetu hazifiki kwenye bati, kwa hiyo nikiwa chumbani nilisikia yote. Hawakutaja neno uchawi hata mara moja. Walisema tu: nani alimtwika lile beseni? Nani humshika mgongo kila jioni? Mgonjwa mwenyewe si alisema kauawa? Na mtu anayekanda miaka yote hiyo bila kuponya, anakanda nini? Shemeji akahitimisha, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilipiga kelele kutoka kitandani. Niliwaambia ni wapumbavu, niliwaambia mihogo ndiyo iliyonivunja, nikawataja mmoja mmoja waliokula kwa shangazi wakiwa wadogo. Mume wangu akaja mlangoni, uso umemshuka.

"Tulia, mama watoto. Utajiumiza zaidi."

"Wewe unaamini?"

"Mimi nataka upone," akasema, akarudi sebuleni.

Shangazi hakuitwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Alipelekewa tu taarifa, kwa adabu nyingi, kwamba ameshachoka, itakuwa vizuri akapumzike kwa binti yake Nyakitonto. Kila mtu wa huku anajua maana yake. Mama hakai kwa mkwe wake wa kiume. Hawaangaliani usoni, hawali pamoja, akimwona anakuja anaacha njia na kujificha hadi apite. Mwanamke mwenye ardhi ya baba yake kupelekwa kuishi uani kwa mkwe ni kumvua nguo mchana. Hakubisha. Alikuja dirishani kwangu akiwa na kifurushi chake, akanipa chupa ya mawese yenye majani.

"Mwambie mumeo akukande," alisema. "Lakini asikandamize sana, ana mikono ya jembe."

Shemeji aliichukua ile chupa na kwenda kuimwaga mbali na nyumba.

Sasa ndipo linapokuja jambo lenyewe. Mdogo wangu anafanya kazi ya kupika huko Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi, anakaa Kibondo mjini. Muda mrefu kabla ya kile kikao alikuwa amesikia kwamba daktari bingwa wa mifupa atakuja hospitali ya Kibondo kwa siku chache, akapeleka jina langu. Shangazi alipokuwa hajamaliza hata wiki Nyakitonto, simu ikaja: daktari amefika, njoo. Ingechelewa kidogo tu, au ingewahi kidogo tu, nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Nilisafirishwa nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, naapiza kila tuta la barabara. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye miwani inayoteleza puani. Alinilaza chali, akaniinua mguu ukiwa umenyooka, nikapiga ukelele hadi watu wa nje wakachungulia. Akatazama picha ya mgongo niliyopigwa hapo, akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vya kuzuia mifupa isisagane. Kimoja changu kimetoka mahali pake, kimeugandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni, na mshipa umevimba.

"Ni beseni," nikamwambia.

"Beseni gani, mama?"

Nikamsimulia mtoni. Akatikisa kichwa kukubali. "Hapo hapo. Uligeuka ukiwa na uzito kichwani."

Nilimwomba arudie, mdogo wangu asikie. Nilitamani nimbebe hadi Makere arudie sebuleni kwangu.

Sindano yenyewe siyo ile ya kwenye kalio. Nililala kifudifudi, wakanisafisha kwa dawa ya baridi, wakanichoma ganzi kwanza. Kisha akaingiza nyingine ndefu chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya kifupa cha mkia, taratibu, akiniuliza nasikia wapi. Nilisikia uzito unashuka ndani ya mguu, unafuata barabara ile ile ya maumivu, kama maji yaliyofunguliwa kwenye mfereji. Nilijua hapo hapo kwamba kwa mara ya kwanza mtu amepafikia.

"Haiponyi," alinionya huku akivua glavu. "Inatuliza uvimbe. Inaweza kukaa miezi, inaweza isikae. Usibebe mizigo. Ikirudi, na wewe urudi."

Siku chache baadaye, nikiwa bado kwa mdogo wangu Kibondo, kijiko kilianguka nikainama kukiokota. Nilikuwa nimeshakiweka mezani ndipo nikatambua nilichokifanya. Nikakaa kwenye kigoda. Sikuhisi kitu. Nikainuka, nikakaa tena, sikuhisi kitu, nikalia hadi mdogo wangu akatoka mbio akidhani nimeungua. Watu wanaandika mengi kuhusu furaha. Mimi nikiulizwa nitasema furaha ni kutohisi kitu kwenye mguu wa kushoto.

Nilirudi Makere nikiwa nimekaa kitako kwenye gari kama abiria wengine. Kutoka barabarani hadi nyumbani nilitembea. Wanawake wakapiga vigelegele, mume wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya tangu tuoane, na shemeji akaja kutoka Kasulu na samaki wakavu aina ya migebuka wa kunipongeza. Akanitazama nikipita na sinia, akamgeukia mdogo wake.

"Umeona sasa?"

"Ameona nini?" nikauliza.

"Shemeji, tumshukuru Mungu. Mti ukishang'olewa, kivuli chake kinaondoka."

Nikaliweka sinia chini. Nikamweleza pingili, mshipa, beseni, sindano, maneno ya daktari yote. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Sindano umechomwa miaka yote pale Kasulu. Mwenyewe nimekulipia nauli. Mbona haikufanya kazi mpaka yeye alipoondoka?"

Nilisema hii ni sindano tofauti. Akasema sindano ni sindano. Nikasema hii ya mgongoni. Akasema hata hiyo dawa inahitaji njia, na njia ilikuwa imefungwa. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama miguu yangu, jinsi ilivyosimama imara, na machozi yalimlenga. Nikajua nimeshindwa, na kilichonishinda ni afya yangu mwenyewe. Kila nilipochota maji, kila nilipokwenda shambani na jembe begani, nilikuwa natoa ushahidi dhidi ya shangazi. Hata kanisani nilipopiga magoti, jirani mmoja kati ya wale walioniita mwenye kiburi alininong'oneza, "Bora alivyoondoka."

Nikapanda pikipiki nikaenda Nyakitonto. Mume wangu hakunizuia. Alisema tu nisile kitu huko.

Nilimkuta uani kwa mkwe wake, kwenye jiko la nje ambalo walilitundikia pazia ili apate pa kulala. Alikuwa amekonda. Binti yake alisema hatoki mchana mkwe akiwapo nyumbani, na mkwe naye, maskini, amekuwa anakula kwa majirani ili mama apate nafasi ya kupita uani. Watu wawili wenye adabu wanateseka kwa sababu ya adabu.

Salamu ya kwetu si ya haraka. Mdogo anainama, mkubwa anamshika mabega, mikono inashuka polepole hadi viganjani huku mkiulizana habari za nyumba nzima, watoto hadi mbuzi. Kwa miaka nilikuwa nikimsalimu nimesimama kama mti. Siku hiyo niliinama mpaka chini.

"Mwakeye, shangazi."

Akasimamisha mikono yake kwenye mabega yangu. Akanigeuza, akaniwekea kiganja kiunoni, akapapasa pale anapopajua kuliko mtu yeyote duniani.

"Umepona," akasema.

"Nimechomwa sindano Kibondo. Ni mfupa, shangazi. Daktari kasema ni lile beseni. Nimekuja kukuambia ujiandae, nitawapigia kelele mpaka wakurudishe."

Hakufurahi nilivyotegemea. Aliketi kwenye gogo, akafikiri. Nilidhani anatafuta maneno ya kumlaani shemeji na mimi nilikuwa tayari kumsaidia.

"Nilipokuwa karibu uliumwa," akasema. "Nilipokuwa mbali umepona."

"Ni sindano!"

"Ego, ndiyo. Lakini beseni nilikutwika mimi." Akaitazama mikono yake. "Mtu hawezi kujua kilichomo ndani yake, mwana wanje, mwanangu. Pengine ninacho na sikijui. Acha nikae huku huku, wewe utembee."

Nilimkemea. Nilimwambia hajawahi kusema neno la kijinga maishani isipokuwa hilo. Akatabasamu na kuniuliza habari za migomba yake. Nilirudi Makere na mgongo usiouma nikiwa na uchungu ambao sijui daktari gani anautibu.

Nilianza kufanya jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuumwa ataniona mwehu. Nilianza kuyasubiri maumivu. Nilijiambia, yakirudi na yeye yuko Nyakitonto, watasema nini? Sikubeba mizigo, sikuyatafuta. Niliyaogopa kama kifo. Lakini nilipokuwa nimelala nilikuwa nausikiliza mguu wangu kama mtu anayesikiliza kama mgeni amefika.

Yalirudi wakati wa kupepeta maharage. Nilikuwa nimekaa tu na ungo mapajani. Kwanza kalio, kisha paja, na kufikia jioni barabara nzima iliwaka hadi kidoleni. Nililia kwa maumivu, na nitasema ukweli, ndani ya kilio hicho mlikuwa na kitu kinachofanana na ushindi. Nikamwambia mume wangu ampigie kaka yake simu. Shemeji alipofika nilijikokota sebuleni nikishika ukuta, nikasimama mbele yake nikiwa nimepinda.

"Yamerudi," nikasema. "Na shangazi yuko Nyakitonto. Haya, niambie nani amenitwika safari hii."

Nikaona imani yake inatikisika, na kwa muda mfupi niliamini nimemshinda. Kisha akauliza taratibu:

"Ulipokwenda kwake, mlisalimiana?"

"Tulisalimiana," nikasema.

"Alikushika?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Nilitoa matusi yote ninayoyajua kwa Kiha na kwa Kiswahili, na yalipokwisha nikakaa sakafuni kwa sababu mguu ulikuwa umekataa kunibeba.

Alibaki mtu mmoja wa kumpa habari. Nilijiambia wao basi, lakini yeye lazima ajue. Akijua kwamba nimeumwa akiwa mbali, atajua kwamba mikono yake ni safi, na hata akiendelea kuishi nyuma ya pazia ataishi na moyo mweupe. Nikamlipa dereva wa pikipiki aende mwendo wa konokono. Nilipofika uani nilishindwa kusimama wima. Nikawa navuka ule uwanja kwa kuburuza mguu, na shangazi akatoka jikoni na kuniona.

"Shangazi, yamerudi!" nikaita, na naapa nilikuwa nacheka. "Umeona? Si wewe! Uko huku na yamerudi!"

Hakusikia nilichokileta. Aliona mguu tu. Mikono yake aliificha ndani ya kitenge, yote miwili, akarudi nyuma hatua baada ya hatua.

"Usije," akasema. "Ihangane, vumilia, usinisogelee. Nilikupapasa siku ile. Nisingekupapasa."

Nilimsihi. Nilimweleza tena pingili na mshipa kupitia pazia alilolivuta kati yetu, nikiwa nimeegemea ukuta wa jiko. Alikuwa analia bila sauti, nilijua kwa jinsi pazia lilivyotikisika. Kitu pekee alichojibu ni kwamba niende Kibondo nichomwe tena, na safari hii nisimwambie hata siku, na nisije kumwona, ili ishike.

Daktari anarudi mwezi ujao. Mdogo wangu ameshapeleka jina langu, na mume wangu ameshatafuta gari. Nami nitakwenda. Sitajifanya shujaa, ninaandika haya nimelala ubavu, na kila mstari nausimamisha kusubiri mguu upoe. Naitaka ile sindano kama mwenye kiu anavyotaka maji. Ikifanya kazi, nitainuka, nitatembea, watu wa Makere watapiga vigelegele, na huko Nyakitonto nyuma ya pazia, habari itakapomfikia kwamba nimepona bila kumwona, atamshukuru Mungu, na hatarudi nyumbani tena.